Siku za kwenye pakiti ya mbegu ya tikiti si siku za Njoro

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wa barua niseme jambo moja kuhusu matikiti maji, na nalisema nikiwa huku Njoro, nyanda za juu za Nakuru, ambako asubuhi ya Julai unatoka na koti zito na bado vidole vinakufa ganzi ukikamua ng'ombe. Kila mwaka nasoma makala za kilimo, nasikiliza redio, naona na zile zinazotumwa kwa simu, na zote zinasema yale yale, tikiti linaiva kwa siku 75 hadi 85, soko liko, bei nzuri, panda sasa. Halafu mtu wa Molo au Elburgon anasoma hiyo, anaenda agroveti ananunua mkebe wa mbegu za chotara ambazo bei yake kila mtu anaijua, anapanda, anamwagilia, anaweka mbolea, na siku ya 80 ikifika anatembea shambani anaona majani yaliyonyauka kingo na maua dume peke yake. Hakuna aliyemwambia kwamba hizo siku zilizoandikwa kwa mkebe zilihesabiwa mahali pa joto.

Jirani yangu ilimpata hiyo, alipanda mwezi wa sita kwa sababu aliyemuuzia mbegu alimwambia bora maji yawepo, na kufika Septemba tikiti kubwa kabisa shambani mwake lilikuwa saizi ya chungwa, ukilipasua ndani ni jeupe kama halijui litakuwa tunda gani. Huyo mama ni mkulima hodari, viazi vyake na njegere zake watu huja kuziangalia. Kwa hivyo tusiseme ni uvivu. Aliuziwa mbegu bila kupewa habari muhimu kuliko zote.

Habari yenyewe ndiyo hii. Tikiti halihesabu kalenda, linahesabu joto. Wataalamu wa mimea wana njia yao ya kupiga hesabu, wanachukua wastani wa joto la siku nzima, mchana na usiku pamoja, wanatoa kile kiwango ambacho chini yake mmea haukui, na kinachobaki ndicho mmea umepata siku hiyo. Kwa tikiti maji tuseme kiwango ni kama nyuzi 12 hivi. Kisumu wastani wake ni karibu nyuzi 23, kwa hivyo kila siku mmea unapata 11, na kwa siku 80 umekusanya 880. Sasa njoo Nakuru mjini ambako wastani ni karibu 18, mmea unapata 6 tu kwa siku, gawanya hiyo 880 kwa 6 unapata siku kama 147. Panda mpaka Molo ambako wastani ni kama 14, unapata 2 kwa siku, yaani siku 440, mwaka mzima na miezi juu yake, na hakuna tikiti litakaa shambani mwaka mzima bila ugonjwa kulimaliza. Hesabu hii ni ya kukadiria, najua, lakini hata ukiigeuza vipi jibu linabaki pale pale, siku 80 za Kisumu na siku 80 za Molo si kitu kimoja hata kidogo.

Na si mambo ya mbali. Shuka kutoka Nakuru upite Mogotio uende Marigat, barabara moja tu, pande zile za mradi wa maji wa Perkerra wanalima matikiti na yanakubali vizuri sana. Marigat iko mita elfu moja na kidogo juu ya bahari, Njoro iko zaidi ya mita 2,100, na kila mita 100 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 0.6. Piga mwenyewe uone, ni karibu nyuzi 7 zimepotea kwa safari ambayo matatu inaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mbegu ni ile ile, mkebe ni ule ule, maandishi ni yale yale.

Sasa wengine wakisikia hivi wanasema basi watu wa huku juu waachane na matikiti walime viazi na ngano. Hapo pia sikubaliani, na ndiyo sababu hasa ya kuandika. Kuna watu duniani wanalima matikiti mahali penye majira ya joto yaliyo baridi kuliko Januari yetu na wanavuna. Kule Idaho, Marekani, sehemu za kaskazini zenye milima, usiku wa kiangazi joto linashuka mpaka nyuzi 6 hivi, na huko ndiko kijana mmoja anaitwa Glenn Drowns, miaka ya 1970 akiwa bado barobaro, alianza kuzalisha tikiti lake la kuvumilia baridi, akapata aina inayoitwa Blacktail Mountain ambayo mpaka leo wakulima wa nchi za baridi wanaitafuta. Uingereza nako karne ya 19 kwenye nyumba za matajiri watunza bustani walikuwa wanaivisha matikiti, hasa yale ya kunukia, juu ya samadi mbichi ya farasi, samadi ikioza inatoa joto, juu yake udongo, juu ya udongo sanduku lenye kifuniko cha kioo, na mmea unakaa hapo unapata joto chini na juu. Watu hawa hawakuwa na jua letu. Walikuwa wanaelewa joto linatoka wapi na linapotelea wapi.

Na mmea wenyewe ni wa kwetu Afrika, utafiti wa chembechembe za urithi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha ndugu wa karibu kabisa wa tikiti maji la shambani ni tikiti la Kordofan, Sudan. Sudan ni joto, ndiyo maana linadai joto.

Lakini tusichukue mambo ya Wazungu tukayabandika Njoro hivyo hivyo tu, kuna tofauti kubwa ambayo sijaona mtu akiieleza kwa Kiswahili. Wao kiangazi chao ni kifupi, mwanzo baridi kali, mwisho baridi kali, lakini katikati mchana wao ni mrefu, saa 15 au 16 za mwanga. Sisi mchana wetu ni saa 12 Januari na saa 12 Julai, hatuna hiyo nyongeza. Badala yake sisi hatufungiwi mlango na theluji, tikiti likitaka siku 130 hatuna sababu ya kulinyima, mradi majani yawe hai siku zote hizo 130, na hapo ndipo penye kazi. Kwao adui ni kalenda. Kwetu adui ni mvua na ukungu wa majani, ule ubwiri unaoanza kama vumbi jeupe na mwingine unaokula jani kwa madoa ya manjano, kwa sababu kila wiki unayoongeza shambani ni wiki nyingine ya ugonjwa kutafuta njia ya kuingia.

Kwa hivyo kitu cha kwanza ni wakati wa kupanda. Huku kwetu mvua ndefu zinaanza mwisho wa Machi ama Aprili, Juni mpaka Agosti ni baridi na mawingu, Oktoba na Novemba mvua nyingine, halafu kuanzia katikati ya Desemba mpaka Machi ndipo tuna jua la maana. Hilo ndilo dirisha letu. Mtu aanze miche kwenye vikopo Novemba, mahali pa joto, hata jikoni karibu na meko, maana mbegu ya tikiti kwa udongo ulio chini ya nyuzi 18 inakaa tu inaoza, inapenda 25 kwenda juu. Na tumia kikopo kimoja mche mmoja, mizizi ya tikiti haipendi kushikwashikwa. Mche ukiwa na majani mawili matatu ya kweli unauhamisha katikati ya Desemba mvua ikipungua. Ukichelewa mpaka Februari, matunda yatakutana na mvua za Aprili yakiwa ndiyo yanajaa, na tikiti likinyeshewa sana karibu na kuiva linapasuka, na lisipopasuka linakuwa maji matupu halina sukari.

Kuna jambo watu wa nyanda za juu wanalijua lakini hawalihusishi na matikiti. Januari mchana ni jua kali, lakini usiku mbingu haina wingu na joto lote linapaa, ndiyo maana kule Mau Narok barafu inaweza kuchoma viazi mwezi huo huo wa jua. Tikiti likipigwa na usiku wa chini ya nyuzi 10 mara nyingi linadumaa, linasimama pale pale hata kama mchana kuna joto la kutosha. Kwa hivyo kufunika usiku si anasa. Kata chupa kubwa za maji za lita tano, toa kitako, funika mche jioni, asubuhi ondoa kifuniko cha juu upumue. Mmea ukishakua tengeneza vijiti vya kupinda, tandaza chandarua chepesi cha shamba juu yake. Chandarua hicho pia kinazuia wadudu mwanzoni, lakini maua jike yakianza kufunguka lazima ukitoe mchana nyuki waingie, ama ufanye kazi ya nyuki mwenyewe.

Na hiyo kazi ya nyuki nataka niieleze vizuri kwa sababu ndipo mashamba mengi ya baridi yanafia na mkulima anafikiri ni mbolea imekosa. Nyuki akihisi baridi hatoki, chini ya nyuzi 12 au 13 anabaki mzingani, na ua la tikiti linafunguka asubuhi na kufikia alasiri limejifunga, siku hiyo moja tu, kesho hakuna. Sasa Njoro asubuhi kuna baridi na upepo wa Mau, nyuki anakuja saa nne saa tano, amechelewa, na ua moja la jike linahitaji kutembelewa mara nyingi, mara nane na zaidi, ndipo tunda litoke zuri bila kupinda. Kwa hivyo wewe nenda shambani kama saa tatu u nusu umande ukishakauka. Tafuta ua jike, utalijua kwa sababu chini yake, pale linaposhikana na shina, kuna katikiti kadogo kenye manyoya laini, hata kucha ya kidole gumba ni kubwa kuliko kenyewe. Ua dume halina hako, lina kikonyo kitupu. Chuma dume lililofunguka asubuhi hiyo hiyo, vua zile petali zake za manjano ubaki na kichwa cha katikati chenye unga, halafu kipake taratibu kwenye kichwa cha ua jike ambacho kimegawanyika sehemu tatu, hakikisha zote tatu zimeguswa. Tumia madume mawili matatu kwa jike moja. Baada ya siku chache kale katikiti kakianza kuinamisha shingo na kunenepa ujue imeshika, kakigeuka manjano na kusinyaa ujue haikushika, ngoja ua lingine. Kazi hii mtoto wa darasa la sita anaifanya vizuri kuliko mimi, ana vidole vyembamba.

Yakishashika usiache yote. Najua inauma kung'oa tunda lakini kwa joto letu mmea hauwezi kulea matunda matano, acha moja, labda mawili kama ni zile aina ndogo, na ukate ncha za matawi yanayoendelea kukimbia. Aina ndogo ndizo za huku, Sugar Baby ni ya siku nyingi na inapatikana, haya matikiti makubwa marefu ya kilo kumi waachieni Marigat na Makueni. Na hata yale madogo yenye ganda la nyavu na nyama ya rangi ya chungwa, yale yananukia, yanaivia mapema kidogo kuliko tikiti maji na yanafaa kujaribiwa.

Udongo sasa. Panda juu ya tuta, si kwenye shimo, tuta linapata joto upesi na maji hayasimami. Funika tuta na plastiki nyeusi ya shambani, ivutwe iguse udongo kabisa, ikiachwa inapeperuka haifanyi kazi maana hewa iliyo katikati inazuia joto kufika chini. Ikiwekwa vizuri udongo unapanda nyuzi mbili tatu, na kwa hesabu ile ya juu, nyuzi mbili kwa mtu wa Nakuru anayepata 6 kwa siku si kidogo hata kama ni mizizi tu inayozipata. Ile plastiki ya kuona inapasha zaidi lakini magugu yanaota chini yake kwa furaha. Na tafadhali ikiisha msimu ikusanywe yote, tusiiache ichanike iingie kwa udongo na kwa tumbo la ng'ombe, na isichomwe. Asiye na pesa ya plastiki aweke mawe meusi kuzunguka shina, yanashika jua mchana yanalitoa usiku, na kwetu mawe si ya kununua. Lakini majani makavu na nyasi za kutandaza, ambazo tunafundishwa kila semina, kwa tikiti la baridi usiweke mapema, zinauweka udongo baridi, ziweke baadaye udongo ukishapata joto.

Samadi pia tunayo. Ya ng'ombe haina moto kama ya farasi lakini ukichanganya na ya kuku na mabua ya mahindi inachemka vizuri, chimba mtaro wa kama sentimita 60, jaza, kanyaga, mwagia maji, subiri kama wiki ule moto mkali upungue, weka udongo wa sentimita 15 au 20 juu, ndipo uhamishe miche.

Grinhausi inasaidia, sikatai, lakini mkopo wa grinhausi kwa sababu ya matikiti ni hesabu ambayo mtu apige mara mbili, mwenye nayo tayari apande pembeni ya nyanya aone.

Kuna jambo lingine ningependa Chuo Kikuu cha Egerton walichukue, maana wako hapa hapa Njoro, na wale wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, pia wako jirani. Japani na Korea tangu miaka ya 1920 wamekuwa wakiunganisha tikiti juu ya shina la mmea mwingine wa jamii ya maboga na vibuyu, kwanza kwa sababu ya ule mnyauko unaokaa kwa udongo, lakini pia kuna mizizi ya jamii hiyo inayovumilia udongo baridi kuliko ya tikiti lenyewe. Sasa sisi huku malenge yanaota hata nyuma ya choo bila mtu kuyapanda, mizizi yake imeshazoea baridi hii. Vijana wetu wanaunganisha maparachichi kila siku na wanauza miche. Nani amejaribu kuunganisha tikiti kwa malenge ya Njoro akaandika matokeo kwa lugha ambayo mkulima anasoma?

Kuvuna ni fupi. Usipige piga tikiti na kidole peke yake ukaamini sauti, angalia ile kamba nyembamba inayojikunja iliyo karibu kabisa na kikonyo cha tunda, ikikauka yote, na tumbo la tikiti pale lilipolalia likitoka weupe likawa manjano ya siagi, kata. Ukilikata mapema sukari haiongezeki tena hata ulilaze dukani mwezi, na mteja wa Soko la Wakulima akidanganyika mara moja na tikiti jeupe la kutoka Njoro, hatarudi kwako.

Ombi langu kwenu, mhariri, ni dogo na halina gharama. Kila makala ya kilimo mnayochapisha, ya tikiti au ya zao lolote, iandikwe shamba hilo liko mita ngapi juu ya bahari na joto lake la mchana na la usiku ni ngapi msimu huo. Mkitaja siku za kuiva, mtaje za wapi. Na mtuombee wauza mbegu waandike hivyo hivyo kwa mkebe, kwa Kiswahili, kwa maandishi ambayo mtu mzima anaweza kuyasoma bila miwani. Pia wale wa hali ya hewa, wanatupa mvua kila wiki na tunawashukuru, watuongezee joto la udongo la saa moja asubuhi kwa Molo, Njoro, Bahati, Subukia na Kuresoi, namba tano tu gazetini.

Mbegu zinaanza kununuliwa kwa wingi Oktoba mwisho. Ikiwezekana barua hii itoke kabla ya hapo.

Mkulima mdogo,
Njoro, Nakuru